Pampu Iliyokuwa Mgongoni mwa Dani

Akoth, nyathina, mwanangu,

Sanduku lako liko mlangoni, na baba yako amelikalia mara kadhaa ili zipu ikubali kufunga. Habari za neti, za maji ya kuchemsha, za wanaume wa ufukweni wanaomwita kila msichana shemeji, sitakuandikia. Shangazi zako wamekueleza hayo tangu asubuhi, nami nimekuona ukiitikia kwa kichwa huku akili yako imekwisha kufika Sindo. Mimi nina jambo moja tu, nalo linahusu faneli.

Uliporudi kutoka kulitazama duka hilo utakaloanza kazi, ulitusimulia ukicheka. Ulisema mwenye duka ana mtungi mkubwa wa dawa ya magugu nyuma ya kaunta, wateja huja na chupa zao za soda, naye huwapimia kila mtu kiasi anachotaka. "Stashahada yangu yote ya kilimo," ukasema, "na kazi ya kwanza ni kushika faneli." Min Otieno, mke wa amu yako, akakujibu kwamba mama huyo mwenye duka ana huruma, maana si kila mkulima ana shamba la kumaliza chupa nzima. Wote wakakubali. Mimi nikanyamaza, nawe ukanitazama kwa sababu unajua kwamba kunyamaza si desturi yangu. Ukaniuliza, "Komredi, leo hakuna hotuba?"

Nilikuambia nitaiandika. Hii ndiyo.

Unajua nilivyokuwa, kwa sababu soko zima la Sori halijaacha kukukumbusha. Hadi leo wauza omena huniuliza, "Komredi, serikali imeanguka?" nami huwajibu kwamba imeyumba kidogo. Nilisimamishwa masomo kwa ajili ya maandamano ya chakula, nikarudishwa, nikasimama tena juu ya meza ileile ya bweni na kuhutubia. Nilisoma historia na siasa. Nilijua ni nani aliyetwaa ardhi ya nani, kwa hila gani, na kwa nini mtu anayelima ndiye anayelala njaa. Nilipoolewa hapa Nyatike nilikuja na maarifa hayo yote kichwani, nikaikuta silaha ya adui ikiegemea ukuta wa jikoni: jembe. Nikalitangazia vita.

Sikuwa mjinga kabisa, mwanangu. Nilikuwa nimewatazama wanawake wa boma hili wakiinama tangu alfajiri hadi jua la utosi, na watoto wamefungwa migongoni, huku waume wao wakijadili uchaguzi chini ya vibaraza vya maduka. Nilisema kwamba mgongo wa mwanamke si mali ya shamba. Nilisema kwamba kila kizazi kinachorithisha jembe kinarithisha kifungo. Nilisema mengi, na mengine bado nayaamini. Ila ukiwa na hotuba nzuri, Akoth, watu huacha kukuuliza maswali, nawe mwenyewe huacha kujiuliza. Hilo sikulijua wakati ule. Nililijua nikiwa nimeketi kwenye benchi la wodi.

Unaifahamu sheria ya boma letu. Mama wa boma ndiye anayeanza. Hakuna mke wa mwana anayetia mbegu ardhini kabla ya yeye kutia yake, na hakuna anayevuna kabla yake. Msimu ninaousimulia, mama wa boma alikuwa Dani, bibi yako mzaa baba, naye alikuwa na maumivu ya kiuno. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kulima, mvua ikaja mapema, na sisi wake wa wanawe tukabaki tumekaa, mbegu zetu ndani ya debe, tukiyatazama magugu yakiota kwenye ardhi iliyolimwa hadi mistari ya plau ikafichika. Kila asubuhi Dani alisema, "Kesho." Hakuna aliyethubutu kumtangulia. Hata mimi, niliyewahi kumzomea mkuu wa chuo mbele ya askari, sikuthubutu kumtangulia Dani. Alikuwa amenipokea vizuri. Alikuwa akiniita "wakili wangu".

Ndipo nikagundua mwanya. Mila ilizungumzia mbegu. Mila ilizungumzia jembe. Haikuwa imesema neno lolote kuhusu dawa. Tunaweza kunyunyiza, nikawaambia, magugu yakafa, na Dani akipona atie mbegu yake kwa kidole tu, bila kuinama siku nzima, nasi tufuate. Nilijiona nimewashinda wahenga na wakoloni kwa pigo moja.

Nilikwenda sokoni na chupa ya soda ya machungwa. Kijana wa duka aliimiminia kimiminika cha kijani kilichokolea, chenye harufu ya kukera.

"Hii ni moto, madam," akaniambia. "Unapiga asubuhi, jioni unapata yote imelala."

Nikamuuliza nichanganye vipi. Akasema, "Weka kizibo kwa pampu. Ukiona magugu ni kichwa ngumu, ongeza."

Nikamuuliza kama kuna karatasi ya maelezo. Akacheka, na si kwa ubaya. "Karatasi iko kwa mtungi kubwa. Sasa hiyo karatasi utanyunyizia nini?"

Nami nikacheka. Mimi, niliyewafundisha wenzangu kusoma kila mkataba hadi mstari wa mwisho, nilichukua sumu isiyo na jina, nikaiweka kikapuni kando ya nyanya na sabuni, nikaondoka.

Sasa nikueleze ilikuwa nini, kwa sababu wewe utaiuza na una haki ya kuijua kwa jina. Ilikuwa parakwati. Haipiti mizizini kama dawa nyingine zinazosafiri ndani ya mmea hadi chini. Huua tu kijani inachokigusa, tena haraka, na jua linapowaka ndipo huua vizuri zaidi. Ikigusa udongo, hasa mfinyanzi kama wetu, hunaswa na kupoteza nguvu. Ndiyo sababu ukichanganya kwa maji ya tope unakuwa umepoteza kazi, na ndiyo sababu mtu akiona haikuua huongeza kizibo kingine, kisha kingine, badala ya kutafuta maji safi. Sisi tulichota maji ya dimbwi. Magugu hayakulala upesi. Tukaongeza.

Lakini nimetangulia mbele ya kisa. Kabla ya hapo Min Otieno, ambaye hajawahi kukubaliana nami kwa mara ya kwanza hata tukizungumzia chumvi, aliuliza swali lake. "Na hiyo dawa nayo si kazi ya shamba? Nani ataianza?"

Wanawake wakanitazama. Nilikuwa nawapoteza. Nami nikafanya kile ambacho wanasiasa wote niliowadharau hufanya: nikaichukua mila niliyokuwa nikiipiga vita, nikaitumia kama ngazi. Nikasema, "Dani ndiye atakayeanza. Atabeba pampu, azunguke mara moja tu, kisha tuendelee sisi."

Dani alipoambiwa alicheka hadi akashika kiuno. "Mnataka kunibebesha mtoto mgongoni katika umri huu?" Lakini alifurahi, niliona. Alikuwa na wasiwasi kwamba msimu utaanza bila yeye. Asubuhi yake alitoka amevaa gauni lake jeupe la Sabato, kwa sababu kuanzisha msimu si jambo la kuvalia matambara, na miguuni hakuvaa kitu. Tulikuwa tumeazima pampu. Kifuniko chake hakikukaza, na palikuwa na ufa karibu na mkanda. Tuliuona ufa huo. Mtu mmoja aliuziba kwa sabuni ya kipande, kama tunavyoziba ndoo, na mtu huyo alikuwa mimi.

Alipiga hatua chache, akasimama, akageuza shingo. "Yawa, mtoto huyu amenikojolea."

Boma zima lilicheka. Wewe ulicheka kuliko wote. Ulikuwa mdogo, umekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ukarudia maneno hayo siku nzima. Dani akaendelea kuzunguka. Hakuzunguka mara moja. Aliona tunavyomtazama, akaona anaweza, akamaliza pampu na kudai ijazwe tena. Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza kuamka, ukawa unamrudishia ukungu usoni. Nozeli ilipoziba, aliichomoa akaipuliza kwa mdomo, kama tulivyowaona vijana wanaonyunyiza mashamba ya miwa wakifanya. Hakuna aliyemwambia aache. Mimi nilikuwa nimesimama kando nikiwaeleza wanawake kwamba wanaushuhudia mwisho wa utumwa.

Gauni lilikuwa limelowa kuanzia mabegani hadi chini ya kiuno. Nilimwambia, "Mama, nenda ukaoge, ubadilishe nguo." Akasema, "Nitabadilisha." Nikamwachia hapo. Alikaa nasi kivulini, tukala, tukaimba, nguo ikamkaukia mwilini. Jioni alilala nayo.

Sababu ya kutolivua hukuwahi kuambiwa, nami nakuambia sasa kwa sharti kwamba hutaichezea. Dani alikuwa mama wa kanisa, mtu wa kuongoza maombi. Kiuno kilipomzidi, alikwenda kwa mganga ng'ambo ya kijito, akachanjwa mgongoni na kupakwa dawa za mizizi. Chale zilikuwa mbichi. Angevua gauni lile mbele ya wake wa wanawe, tungeziona, na kufikia Sabato kanisa zima lingejua. Akaona afadhali avumilie unyevu. Ngozi nzima ingekuwa ngao ya kiasi fulani. Ngozi iliyochanjwa ni mlango, na mchanganyiko wetu mkali ulikaa mlangoni mchana kutwa na usiku kucha.

Ningemuuliza kwa upole, faraghani, huenda angeniambia. Wakili wake hakumuuliza mteja wake hata swali moja.

Mgongo ulianza kuchubuka, kisha ukawa kidonda kimoja. Alikataa kwenda hospitali hadi pumzi ilipokuwa fupi. Kule muuguzi alikata gauni kwa mkasi, maana hata gauni jingine alilokuwa amebadilisha lilikuwa limeshikana na kidonda. Akauliza, "Nani amemchanja huyu mama?" Dani akageukia ukutani. Alikuwa mgonjwa wa kufa, Akoth, na bado kilichomuumiza zaidi ni kwamba nilikuwa nimesimama pale nikiona.

Daktari akatuuliza ni dawa gani. Tukamwambia ni ya magugu. Akasema, "Zipo nyingi. Leteni chombo chake." Baba yako alikimbia hadi nyumbani akarudi nacho. Daktari aliipokea ile chupa, akaigeuzageuza, akasoma jina la soda. Hakutukaripia. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Hii inaniambia nini?"

Ilimwambia kwamba tunapenda machungwa. Basi. Wakampa oksijeni, kwa sababu mtu anayekosa pumzi hupewa oksijeni. Wangefanya nini kingine? Baadaye, kijana wa duka alipopatikana na ule mtungi mkubwa ukasomwa, daktari alitueleza kwamba sumu hii hukusanyika mapafuni na kuyageuza kovu, na kwamba oksijeni ikitolewa mapema inaweza kuuongezea moto huo kuni. Hakuna dawa ya kuizimua. Sijui kama tungemwokoa hata kama jina lingejulikana saa ileile. Daktari naye alisema hajui. Hospitali haikukosa. Sisi tuliwapelekea mgonjwa mwenye fumbo, wakajibu kama mtu yeyote angejibu.

Unakumbuka kikohozi chake, umeniambia. Mimi nakumbuka akili yake, ambayo haikufifia hata kidogo. Sumu hii haikupi hisani ya kupoteza fahamu. Alijua kila kitu. Siku moja aliniita karibu, akasema maneno mafupi mafupi, kila neno na pumzi yake: "Wakili. Waambie. Ni mapafu tu." Nilidhani anajilinda mwenyewe na chale zake. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa ananilinda mimi pia. Ndivyo tulivyotangaza mazishini: mapafu. Watu wa kanisa wakaimba, wahubiri wakahubiri, nami niliyekuwa nikisema kwenye kila mkusanyiko nikakaa kimya. Baba yako alisema sentensi moja tu, tena si mazishini, bali tukikunja turubai: "Pampu ilikuwa inavuja." Hajairudia.

Sasa, nyathina, sikuandikii ili uichukie kazi yako. Sitaki uje unihubirie jembe. Nimeinama nalo miaka hii yote na ninajua linavyokula mgongo. Kuna mjane ambaye asiponyunyiza hatapanda, na ukimwambia aache, utakuwa unasema hivyo kwa sababu wewe umeshiba. Nchi kadhaa zimeipiga marufuku parakwati, na hapa kwetu kila msimu tunasikia kwamba itaondolewa madukani. Ikiondolewa, nitacheza. Lakini mtungi ulio nyuma ya kaunta hausikilizi redio, na wewe ndiwe utakayesimama kati yake na mtu mwenye chupa ya soda.

Hapo ndipo ninapokuomba usimame imara. Kama duka lina chupa ndogo zilizofungwa kiwandani, zenye kibandiko, uza hizo, na mteja asiyejua kusoma msomee kwa lugha yake, hata kama foleni inanung'unika. Mwambie ni kiasi gani kwa pampu moja na kwamba kuongeza hakuongezi akili ya dawa. Mwambie anyunyize asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka, mbali na maji wanayochota watu, akiwa na glavu za mpira, gambuti, kitu cha kuziba mdomo na kukinga macho. Na kwamba pampu inayovuja haibebwi, hata kwa dakika moja, hata kwa sherehe. Nozeli iliyoziba husafishwa kwa maji na kijiti laini, kamwe si kwa mdomo. Mtu mwenye kidonda asibebe pampu. Na hili la kidonda usiliulize mbele ya watu. Mvute kando, uulize kama binti anavyomuuliza mamake, na ukiona anasita, usimcheke wala usimkemee. Mwambie tu kazi hiyo ampe mtu mwingine.

Nguo iliyolowa ivuliwe papo hapo, mwili uoshwe kwa maji mengi na sabuni, na mtu apelekwe hospitali hata kama anasema yu mzima, kwa sababu sumu hii hutulia kwanza. Chombo chenye kibandiko kiende naye. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji hayo yamiminwe ndani ya pampu, kisha itobolewe ili mtoto wa mtu asiijaze maziwa. Wewe ulifundishwa haya chuoni kwa mtihani. Mimi nilifundishwa wodini.

Leo mchana ulipokuwa ukikunja nguo nilikugusia kidogo, nawe ukanijibu kweli tupu: "Mama, nikikataa kumimina, yule mama atanifukuza. Kuna wasichana wengi wanaitaka hiyo nafasi." Sikukujibu pale, na usidhani nilipuuza. Najua ulivyoingoja kazi hii. Najua ulivyojificha nyuma ya nyumba kila barua ya kukataliwa ilipofika, ili baba yako asikuone. Zamani ningekuhutubia kuhusu ujasiri, nikakupeleka mbele kama nilivyowapeleka wenzangu kwenye lango la chuo siku za maandamano, kisha nikasimama kando nikiangalia. Safari hii sikupeleki mahali ambapo mimi sipo. Jaribu kwanza kuzungumza na mama huyo mkiwa wawili. Mweleze habari za Dani. Nakuruhusu kutaja pampu, gauni na chupa ya machungwa. Chale ziache. Huenda naye ana mtu wake ambaye kila mtu husema alikufa kwa mapafu.

Akikataa, usishike faneli.

Mvua imeanza tena, nadhani unaisikia kwenye bati. Shamba limelimwa, na magugu yamekwisha kuinua vichwa. Wake wa amu zako wamekaa na mbegu zao wakinisubiri, kwa maana sasa mama wa boma ni mimi, na Min Otieno amekwisha kuniuliza kwa ile sauti yake, "Komredi, tunaanza au tunangoja azimio?" Kesho, gari lako likishapita kona ya kanisa, nitashika jembe na kuanza. Nitalima kipande changu kwa mkono, polepole, kwa sababu kiuno changu nacho sasa kinaniita kwa jina. Wafuatao wafuate kwa njia waitakayo, ila pampu yoyote itakayoingia shambani mwetu nitaijaza maji matupu kwanza na kuining'iniza mtini hadi nione kama inadondosha.

Ukidumu kazini, nitafurahi kuliko nitakavyoweza kuonyesha. Lakini nikikuona ukirudi kabla ya palizi, na sanduku hili lenye zipu mbovu mkononi, sitakuuliza ulikosana na nani. Nitajua kwamba mtu alikuja na chupa ya soda. Nitakupokea sanduku, nikupe maji ya kunawa, na nikuonyeshe shambani mahali nilipofika na jembe, ili uendelee kutoka hapo.

Mama yako,
aliyeziba ufa kwa sabuni.